Taa za Safari kwenye Boti: Kuchagua, Kubadilisha na Kufunga kwa Wenye Boti za Mtera na Mabwawa ya Kanda ya Kati

Taa ya safari haikuwekwa kwenye boti ili nahodha aone mbele. Kuona mbele ni kazi ya tochi. Taa nyekundu, ya kijani na nyeupe ziko pale ili mtu wa boti nyingine, aliye gizani kama wewe, ajue mambo matatu kwa kutupa jicho mara moja: kuna chombo pale, kimeelekea wapi, na nani ampishe mwenzake. Taa inayowaka vizuri lakini ikaonekana upande usio wake inamdanganya mtu huyo. Atakuja moja kwa moja akiamini njia ni yake.

Kwa hiyo humu tutakaa sana kwenye pembe za mwanga na viungo vya waya, kwa sababu hapo ndipo boti nyingi hukosea. Maelezo haya ni ya boti za mbao na za fibre zisizofika mita 12, zenye injini ya kupachika nyuma na betri ya volti 12, aina unazozikuta Mtera, Hombolo na mabwawa mengine ya Dodoma, Singida na Iringa.

Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 kwenye Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina tabia yake ambayo mwenye boti lazima aiweke akilini. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Ndani ya tofauti hiyo ya mita 8.5 kuna visiki na miti mikavu iliyosimama majini tangu bonde lifurike, na maji yakishuka njia salama huwa nyembamba. Boti zinazotoka alfajiri na zinazorudi na samaki hukutana kwa karibu, kwenye njia zilezile. Hapo ndipo taa hufanya kazi yake.

Taa zinasema nini

Rangi na pembe za taa zimewekwa na Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, maarufu kama COLREG. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo, lakini taa za kweli za safari za kiwandani hutengenezwa kwa vipimo hivyo, hata ile utakayoifunga kwenye bwawa lililo kilomita mamia kutoka pwani. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ongea na mkaguzi wao kabla hujatoa hela dukani, si baada ya kutoboa boti.

Ukiwa umekaa botini umeelekea mbele, yaani omo, taa nyekundu iko kushoto kwako na ya kijani iko kulia. Kila moja huanza kuonekana kutoka mbele kabisa na kuzunguka digrii 112.5, hadi digrii 22.5 nyuma ya mstari wa ubavu. Taa nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma, hufunika digrii 135 zilizobaki. Jumlisha: 112.5 mara mbili ni 225, ongeza 135, unapata 360. Hakuna pengo na hakuna mahali mtu anaona nyekundu na ya kijani pamoja isipokuwa akiwa mbele yako kabisa. Kwenye boti kubwa kuna pia taa nyeupe ya mlingoti inayoangaza zile digrii 225 za mbele.

Maana yake majini ni hii. Ukiona nyekundu inakatiza mbele yako, chombo kile kiko upande wako wa kulia na wewe ndiye unayepisha: punguza mwendo au pita nyuma yake. Ukiona ya kijani inakatiza, mwenzako ndiye wa kukupisha, ingawa macho yako yasimwache. Ukiona zote mbili pamoja, mnaelekeana uso kwa uso, na kila mmoja ageukie kulia kwake. Sasa fikiria fundi aliyezibadilisha taa kwa bahati mbaya, nyekundu kulia. Kila boti itakayokutana nayo itasoma kinyume.

Chombo chako kinahitaji zipi

Boti ya injini isiyofika mita 12 inaruhusiwa kuwa na mpango rahisi: taa za ubavuni, nyekundu na ya kijani, pamoja na taa moja nyeupe ya pande zote, yaani ya digrii 360, badala ya kuwa na ya mlingoti na ya tezi kwa kutenganisha. Mpango huu ndio tunaoupendekeza kwa karibu kila boti ya Mtera. Vifaa ni vichache, waya ni chache, na taa ileile nyeupe inabaki ikiwaka peke yake ukitia nanga.

Boti ya injini isiyofika mita 7, ambayo mwendo wake wa juu kabisa hauzidi noti 7 (kama kilomita 13 kwa saa), inaweza kutumia taa nyeupe ya pande zote peke yake, na kuongeza za ubavuni ikiwezekana. Angalia neno mwendo wa juu kabisa. Boti ya mita 6 yenye injini ya nguvu farasi 15 inavuka noti 7 kirahisi, hata kama wewe hukimbizi. Hiyo inahitaji taa zote.

Mtumbwi wa kasia, au wa tanga usiofika mita 7, ukishindwa kufunga taa, uwe na tochi au fanusi ya mwanga mweupe mkononi, tayari kuonyeshwa mapema kabla ya kugongana. Tayari maana yake iko kichwani au shingoni, haiko chini ya nyavu.

Kwa wanaovua kwa nyavu zinazowazuia kugeuka haraka, kanuni zina taa zake: nyekundu ya pande zote juu ya nyeupe ya pande zote. Anayekokota jarife chini ya maji kwa injini huonyesha ya kijani juu ya nyeupe. Anayetumia karabai au taa kali za sola kuvutia samaki akumbuke kwamba mwanga ule huficha kabisa taa ndogo za ubavuni. Akianza safari, auzime.

Umbali wa kuonekana pia umewekwa. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zionekane maili 1 ya bahari na nyeupe maili 2. Maili ya bahari ni mita 1,852. Boti mbili zinazoelekeana kila moja kwa kilomita 25 kwa saa hukaribiana karibu mita 14 kila sekunde. Kwa taa ya maili 1 mna zaidi ya dakika 2 za kuonana na kuamua. Kwa kitaa kinachoonekana mita 200 mna sekunde 14.

Kabla ya kununua, pima

Taa iliyozimika mara nyingi haijafa. Kiungo ndicho kimekufa. Chukua mita ya umeme (hata ile ya bei ndogo inatosha), weka kwenye volti za DC, na fanya hivi taa ikiwa imewashwa.

Pima kwanza kwenye betri. Betri nzuri iliyopumzika inasoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12.0, chaji kwanza, usiendelee kutafuta kosa kwingine. Kisha pima kwenye taa yenyewe, kwenye vikombe vya globu. Ukipata volti zilizopungua chini ya zile za betri kwa kiasi kisichofika nusu volti na globu haiwaki, tatizo ni globu au kikombe chake. Toa globu, tazama uzi wake, kwangua kutu ya kijani kwa msasa laini, vuta kidogo kile kispringi kilicholala, kisha paka mafuta mgando kiasi cha punje ya mchele.

Kuna kosa moja linalowachanganya mafundi wengi. Mita inasoma volti 12 kamili kwenye kikombe kikiwa kitupu, lakini ukiweka globu inashuka hadi 5 au 3. Hiyo si globu mbovu. Ni kiungo kilichooza mahali fulani, kinachoweza kupitisha umeme wa kutosha mita lakini si wa kutosha taa. Kukipata, acha globu ikiwa mahali pake na swichi ikiwa imewashwa. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa. Usomaji unaozidi 0.2 au 0.3 unasema umeme unapotea upande wa chanya. Rudia kwa upande wa hasi. Ukishajua upande, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo, kupitia fyuzi na swichi, mpaka usomaji uruke ghafla. Hapo ndipo penye uozo.

Badilisha taa nzima kama lenzi imepauka au imepasuka. Jua la Dodoma ni kali na lenzi za plastiki dhaifu hupoteza rangi: nyekundu huwa ya waridi, ya kijani huwa kama nyeupe, na kwa mbali zote mbili husomeka nyeupe. Lenzi iliyopauka haitibiki kwa kupakwa rangi wala kufunikwa kwa karatasi ya plastiki ya rangi.

Kuchagua taa

Usinunue taa za trela, za bodaboda wala mikanda ya LED ya rangi ya kupamba magari. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu ni rahisi kuzipata na zinaonekana kufaa. Taa nyekundu ya gari haina ukingo wa digrii 112.5. Inamwaga mwanga kila upande, na mtu aliye kulia kwako ataiona nyekundu yako. Taa ya boti ina kizuizi ndani yake, na uzi wa globu umewekwa wima mahali maalumu ili mwanga ukatike pale unapotakiwa kukatika.

Tazama maandishi kwenye mwili wa taa au kwenye boksi. Taa ya kweli huandikwa pembe yake (112.5°, 135°, 225° au 360°), umbali wake kwa maili (1 NM au 2 NM), urefu wa chombo inachofaa, na mara nyingi neno COLREG. Kama boksi linasema tu taa ya boti ya kuzuia maji, liache. Kuhusu maji, tafuta alama ya IP67 kwa zile za mbele zinazopigwa na mawimbi ya mchana wa upepo. IP65 inavumilia manyunyu lakini si kuzama.

Kwa boti nyembamba, taa moja iliyounganisha nyekundu na kijani, inayofungwa katikati ya omo, ni bora kuliko mbili. Inahitaji waya mbili tu, na kuipanga pembe ni kazi ya mara moja. Mbili zilizotengana zinafaa boti pana yenye mtu au mzigo unaokaa mbele, ambapo taa ya katikati ingezibwa.

Globu au LED? LED, isipokuwa tayari una taa nzuri za globu. Sababu ni betri, na hesabu zake ziko mbele kidogo. Lakini ipo njia mbaya ya kwenda LED: kuchomoa globu ya kawaida kwenye taa ya zamani na kuweka globu ya LED iliyokaa sawa na kikombe. Chanzo cha mwanga kinahama, ukingo wa nyekundu na kijani unavurugika, na idhini ya taa inakwisha. LED nyeupe yenye ubluu nyuma ya lenzi ya kijani hutoa rangi ya samawati, na nyuma ya nyekundu hutoa mwanga hafifu. Nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED.

Soma pia kiwango cha volti. LED nzuri huandikwa volti 10 hadi 30 na ndani yake ina kidhibiti. Iliyoandikwa volti 12 tu inaweza kuungua kwenye injini yenye koili ya kuchaji isiyo na regyuleta, kwa kuwa volti hupanda juu ya 15 mwendo ukikolea. Injini nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazichaji kabisa, hivyo hapo hofu ni kinyume: betri itakwisha.

Ukibaki na globu, peleka ya zamani dukani mkononi. Zile za mrija zenye ncha mbili hutofautiana urefu, kwa hiyo ipime kwa milimita. Zile za kusokota zina vipini viwili, na kwenye aina moja vipini viko usawa mmoja, kwenye nyingine kimoja kiko juu ya kingine. Wati ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye taa, kwa kawaida 10 kwa taa ndogo. Globu ya breki ya gari ya wati 21 itaingia, itawaka sana, na baada ya saa chache itaanza kuyeyusha lenzi.

Betri na waya

Usiku wa huku ni kama saa 12 mwaka mzima. Taa tatu za globu za wati 10 zinakula wati 30, sawa na ampea 2.5. Kwa saa 12 ni ampea-saa 30. Betri ya maji ya ampea-saa 50 usiitoe zaidi ya nusu, yaani 25, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo hata betri ya gari haimalizi usiku kwa globu. Taa tatu za LED za wati 2 kila moja zinakula ampea 0.5, na usiku mzima ni ampea-saa 6. Betri kavu ya 18 inabeba hiyo bila kuumia. Paneli ya wati 30 na chaji kontrola ndogo, kwa jua la kanda ya kati, inarudisha matumizi hayo kwa siku moja. Ya wati 20 inaweza, lakini kwa shida: kwa saa 5 za jua kali inatoa wati-saa 100, na baada ya upotevu utapata kama 70, kiasi kilekile ulichotumia.

Waya iwe ya shaba yenye nyuzi nyingi laini, ukubwa wa milimita za mraba 1.5. Ile ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu haifai, maana mtikisiko wa injini na barabara ya vumbi hadi mwaloni huikata ndani ya ganda lake, usione. Kama unapata iliyopakwa bati, ichukue hata kama bei imeongezeka. Kwa boti inayokwenda Ziwa Singida au Kindai, ambako maji yana chumvi, hiyo ni lazima.

Kwa nini 1.5? Chukua taa mbili za globu za wati 10 mbele, na betri iko mita 7 nyuma. Umeme unakwenda na kurudi, mita 14. Waya nyembamba ya spika ya 0.5 inapoteza volti 0.8 na zaidi, na globu hupoteza karibu moja ya tano ya mwanga wake, kwa sababu mwanga wa globu hushuka haraka kuliko volti. Waya ya 1.5 inapoteza 0.27 tu. Lengo ni kutopita asilimia 3, yaani volti 0.36. LED inakula kidogo na ingeridhika na nyembamba, ila 1.5 inavumilia kuvutwa na kukanyagwa.

Fyuzi iwe ya ampea 3 kwa LED au 5 kwa globu, na ikae ndani ya sentimita 20 kutoka chanya ya betri. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi, na humo ndimo petroli ya galoni hukaa karibu. Swichi iliyo bora ni ya hatua tatu: zima, safari (zote), nanga (nyeupe peke yake). Kwenye boti ya bati au alumini, usitumie mwili wa boti kama waya ya hasi. Peleka waya mbili hadi kila taa.

Kufunga

Andaa vitu vyote kabla ya kutoboa tundu la kwanza: taa, waya nyekundu na nyeusi, fyuzi na kikombe chake, swichi, lagi na koleo ya kubania, mirija ya plastiki inayonywea kwa moto yenye gundi ndani, skrubu za chuma kisichoshika kutu, silikoni, klipu za waya, drili, kamba ya mwashi na penseli. Kuhusu silikoni: ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba. Omba isiyo na harufu hiyo.

Toa kwanza nyaya za betri. Kisha weka boti mahali tambarare na vuta kamba ya mwashi kutoka katikati ya tezi hadi katikati ya omo. Huo ndio mstari wa boti, na taa zote zinafuata huo, si ukingo wa ubao. Kosa kubwa kabisa la ufungaji liko hapa. Ubavu wa boti karibu na omo umepinda kuelekea ndani. Taa iliyofungwa bapa juu ya ubao huo inaangalia pembeni kiasi cha ule mpindo, na mtu aliye mbele yako kabisa haioni. Chonga kabari ya mbao au tumia kitako cha plastiki ili sura ya taa iwe sambamba na kamba. Pia iwe wima injini ikiwa inasukuma: boti nyingi huinua pua zikikimbia, hivyo epuka kuilaza taa nyuma.

Taa nyeupe ya pande zote hukaa kwenye nguzo nyuma, angalau mita 1 juu ya taa za ubavuni. Mita 1 ni kima cha chini tu. Nahodha akisimama, kichwa chake kisiizibe, kwa hiyo nguzo inayofika mita 2 kutoka sakafuni ni salama zaidi. Bomba la chuma la nusu inchi linatosha likishikwa sehemu mbili. Kisha weka kisahani cheusi cha upana wa mkono chini ya taa, ili mwanga usidondoke machoni mwa nahodha na kumnyima uwezo wa kuona visiki. Kisiwe kipana hadi kuzuia mwanga usiende mbali.

Toboa tundu la skrubu jembamba kuliko skrubu, kwa mfano milimita 3 kwa skrubu ya 4. Kwenye mbao, jaza silikoni ndani ya tundu kabla ya kukaza. Kwenye fibre, anza drili polepole ili rangi isibanduke. Waya ipite juu ya usawa wa maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya boti, ishikwe kwa klipu kila sentimita 30, na kila inapopita kwenye tundu iwekewe mpira wa kuizuia isikatwe na kingo. Kabla haijaingia kwenye taa, ishushe kidogo chini kisha ipande, ili maji yanayotembea juu ya waya yadondokee kwenye lile pindo badala ya kuingia ndani.

Viungo vifungwe kwa lagi iliyobanwa vizuri, ivutwe kwa nguvu ya mkono kujaribu, kisha mrija unaonywea upashwe moto mpaka gundi itokeze pande zote mbili. Kusokota waya na kuzungushia utepe mweusi hakudumu msimu mmoja. Joto hulainisha gundi ya utepe, unafunguka, na unyevu unaingia na kukaa. Ziba juu na pembeni mwa kitako cha taa, lakini acha upande wa chini wazi ili maji yakiingia yatoke. Tazama LED: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukikosea, nyingi haziwaki tu, lakini nyingine huungua.

Jaribio la pembe

Hili lifanyike nchi kavu, jioni giza likishaingia, na ni la watu wawili. Bila hili kazi haijaisha.

Simama mita 20 mbele ya boti, juu ya mstari wa ile kamba. Kwa taa ya pamoja unapaswa kuona rangi zote mbili, nyekundu ikiwa upande wako wa kulia kwa kuwa unaitazama boti usoni. Sogea hatua moja kubwa, kama mita 1, kwenda kushoto kwako. Ya kijani ibaki, nyekundu ipotee au ififie kabisa. Rudi katikati, sogea kulia: kinyume chake. Mita hiyo moja ndiyo digrii 3 zinazoruhusiwa. Ukiona rangi zote mbili hata baada ya mita 2 au 3, taa imepinda au kizuizi chake hakitoshi. Kwa taa zilizotengana, pima kila moja kutoka mstari wake mwenyewe, na ukikuta mwanga unavuka, weka kibao cheusi kisichong'aa upande wake wa ndani.

Sasa nyuma. Digrii 22.5 haihitaji kifaa. Chukua kona ya karatasi, ambayo ni digrii 90, ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22.5. Au tumia futi: kutoka kwenye taa, nenda mita 10 pembeni kwa pembe mraba, kisha rudi nyuma mita 4 na sentimita 14. Pigilia kigingi mahali hapo. Ukisimama mbele kidogo ya kigingi unaona rangi. Ukipita nyuma yake, rangi inafifia na hatua chache baadaye haipo kabisa. Nyeupe ya pande zote unaiona muda wote. Zunguka boti nzima ukiitazama hiyo nyeupe, huku mwenzako akiwa mahali pa nahodha, kwanza amekaa kisha amesimama. Ikipotea mahali popote kwa zaidi ya hatua moja, pandisha nguzo.

Jaribio la umbali lifanyike majini, boti ya pili ikiwa kilomita 1.85 na simu zikitumika kuulizana. Swali si kama unaona mwanga, ni kama unaweza kutaja rangi.

Baada ya hapo

Kila wiki futa lenzi kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Petroli na tina huzifanya ziwe na ukungu usiotoka. Fungua taa za globu kila baada ya miezi mitatu, utoe vumbi na utando wa buibui. Boti ikisafirishwa kwa lori, kaza skrubu zote ukifika, na uwashe taa kabla ya kushusha boti majini.

Taa huwashwa jua linapozama, si giza linapokolea, na huwaka hadi jua lichomoze. Ziwashwe pia mchana ukungu au mvua nzito ikizuia kuona. Ndani ya kisanduku kisichopitisha maji weka fyuzi 2, globu za akiba kama unatumia globu, kipande cha waya, na tochi mbili za mwanga mweupe. Taa zikizimika katikati ya maji, punguza mwendo, mwambie mmoja ainue tochi juu akiizungusha polepole pande zote, na boti ikikaribia amulike mwili wa boti yenu, si macho ya nahodha anayekuja. Tochi yenye mwanga mwekundu wa kumwekamweka isitumike, kwa sababu kutoka mbali nyekundu inasomeka kama ubavu wa kushoto wa chombo kinachokatiza.